Boksi Lililotoka Mpakani

Jua lilikuwa linazama tulipofika Nkwenda kuchukua redio yetu kwa fundi Athanasi. Mume wangu Protase, bomu la vita lilimwachia sikio moja tu linalosikia, nalo bovu. Alitaka hedifoni asikilize matangazo ya vifo bila kunikera, maana akifungulia sauti hata kuku wa jirani walihama.

"Shikamoo mzee," fundi alimpigia kelele sikioni, kisha akanigeukia. "Mama, kuna njia mbili. Achomeke hedifoni kwenye tundu la redio yenyewe. Sauti ndogo, inakoroma, lakini ni ya redio." Akavuta boksi la chuma lenye masizi. "Au apitishie hapa. Hiki ni kikuza sauti cha nje, kina betri zake. Kilitolewa kwenye gari la jeshi lililoungua huko mpakani. Sauti safi kabisa. Ila..."

"Ila nini?"

"Kinanasa na vingine."

"Basi tundu la redio linatosha," nikasema. "Hilo boksi linanuka."

Protase alikwishalijaribu, anacheka peke yake kama bwana harusi. Mbishi yule! Tukaondoka nalo.

Nyumbani Mabira nilikaa jikoni kumenya ndizi, naye kando yangu na hedifoni zake. Kwetu giza likianza kuingia, mtu haitikii akiitwa mara ya kwanza. Binadamu mwenye shida nawe ataita tena. Wale wengine huita mara moja tu. Protase alilelewa hivyo kama mimi, lakini ilikuwa miaka mingi hajasikia jina lake likitamkwa vizuri.

Nikamwona anatabasamu.

"Naam," akaitika.

Harufu ya nywele zinazoungua ikajaa jikoni...

Akaokota panga.

"Protase?"

"Fungua mlango," akanong'ona. Sauti haikuwa yake. "Tunaungua humu. Fungua!"

Nikainua mkono. Vidole vyangu viwili vikaanguka kwenye maganda ya ndizi. Pigo la pili likapasua bega. Nikamrukia, nikang'oa waya. Hakuacha! Akanigongesha kichwa ukutani, tena na tena, huku akilia afunguliwe. Nikapapasa, nikaupata mchi. Nikamtwanga goti. Nikalitwanga boksi mpaka likapasuka.

Akaanguka. Damu ilimtoka masikioni.

Ndani ya boksi hamkuwa na betri. Mlikuwa na majivu, na meno.

Fundi Athanasi aliapa kwamba betri alizitia mwenyewe. Hakutaka kuliona tena.

Sasa Protase hasikii hata radi. Bado ni mume wangu, nampenda na ninamwogopa. Panga nimelificha kwa jirani.

Jana jioni mtu aliita kutoka migombani.

"Protase!"

Mara moja tu. Mume wangu, asiyesikia kitu, akageuza kichwa na kutabasamu.

Nikamziba mdomo kwa mkono wangu wa vidole vitatu. Akaniuma mpaka mfupani. Sikumwachia. Chini ya kiganja, katikati ya damu yangu, nikalihisi neno likitoka.

"Naam."