Matuta ya Mama Cornelia

Kila Ijumaa, wakishamaliza kufagia, wanafunzi wa darasa la sita katika shule moja ya Katandala hukaa kuchora. Ijumaa hiyo Mwalimu Atusaye, aliyehamia karibuni kutoka Mbeya, aliwaambia wachore kitu kizuri kuliko vyote. Picha zingebandikwa ukutani kwa ajili ya siku ya wazazi.

Wengi walichora maua. Basil alichora gari jekundu. Cornelia yeye alichora shamba lililojaa matuta ya mviringo, udongo mtupu, hata jani hakuna.

Mwalimu alipoiona alishtuka. "Cornelia! Mbona umechora makaburi?"

Darasa zima likaangua kicheko. Loo, makaburi! Masikio ya Cornelia yaliwaka moto.

"Si makaburi, mwalimu. Ni matuta."

"Hata kama. Huo ni udongo tu. Chora ua, la sivyo picha yako haibandikwi."

"Sichori ua."

Kicheko kikakatika. Basil akanong'ona, "We, omba radhi yaishe!" Wapi! Cornelia alisimama, machozi yakimlengalenga, shingo ameikaza.

"Adhabu nitapokea, mwalimu, lakini ua sichori. Baba alipofariki, watu walisema shamba letu litabaki pori. Mimi na mama tukakata nyasi, tukazikusanya, tukazifukia kwa udongo, matuta kama haya, zioze ziwe mbolea. Mvua ikatunyeshea. Mama akateleza, akakaa kwenye tope, tukacheka mpaka mbavu zikauma. Alikuwa hajacheka tangu msiba. Mimi sijaona kitu kizuri kama shamba lile."

Mwalimu Atusaye aliinama, akaitazama tena picha.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Mimi niliona udongo, wewe uliiona siku ile. Lakini mbona hukuichora? Mama yuko wapi hapa?"

Cornelia akaitazama picha. Kweli, mama hakuwamo! Akachukua penseli, akamchora amekaa kwenye tope, mdomo wazi kwa kicheko.

Mwalimu akaligeukia darasa. "Watoto, vitu vingi huwa vizuri kwa sababu ya yale tuliyoyapitia navyo. Kabla hujakidharau cha mwenzako, muulize kwanza."

"Lakini mwalimu," Cornelia akadakia, "hata matuta yenyewe ni mazuri."

"Cornelia!"

"Ni mazuri, mwalimu."

Mwalimu alicheka, akaibandika picha hiyo katikati ya ukuta.