Nani Aliuangalia Mguu wa Fundi?

Ndugu zangu mnaosomesha watoto, na ninyi watoto mnaosomeshwa, sogeeni kidogo. Haya yametokea kwa majirani zangu wa ukuta mmoja, na wenyewe wameniruhusu niyaseme mradi nisitaje majina. Sitayataja. Mimi mdomo wangu ni mwepesi, lakini ahadi naijua.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi tulivu. Jirani yangu, fundi cherehani, alikuwa chumba cha mbele akishona sare za shule, na mashine yake ni ile ya kukanyaga kwa miguu, inayonguruma tangu nimehamia mtaa huu. Mkewe alikuwa pembeni anapiga pasi. Binti yao, mwanafunzi wa udaktari, alikuwa nyumbani kwa mapumziko ya mwisho wa wiki, amejinyoosha kwenye kochi na simu mkononi. Mtaa mzima tulimwita Daktari, na tulianza kumwita hivyo kabla hajajua hata kushika sindano. Koti lake jeupe lilikuwa limeanikwa upande wa barabarani, ambako kila mpita njia angeliona. Sidhani kama kamba ya uani ilikuwa imejaa.

Fundi ana kisukari cha siku nyingi, na kisukari kimemwondolea hisia za miguu. Anaweza kukanyaga kitu chenye ncha asijue. Ndiyo maana kliniki walimwagiza kwamba kila siku mtu amkague miguu, juu, chini na katikati ya vidole. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilikuwa ya mkewe. Kila jioni alileta beseni la maji ya vuguvugu na kitambaa, akapiga magoti, akamwangalia mumewe kidole kwa kidole huku wakisemana na kutaniana. Lakini binti alipoanza kuingia wodini, mama akajiondoa kwa heshima. Alisema yeye anajua nini, na mtaalamu yupo nyumbani. Mtaalamu mwenyewe alikuwa anakuja mwisho wa wiki tu, na siku za katikati zikaachwa zijiangalie zenyewe.

Asubuhi hiyo mama alimkumbusha binti miguu ya baba yake. Binti hakuinua kichwa kwenye simu.

"Baba, miguu inauma?"

"Haiumi kabisa, mwanangu."

"Basi iko salama."

Fundi akaendelea kukanyaga mashine yake, ameridhika.

Hapa naomba tusimame kidogo, maana nikipita haraka nitapasuka. Mtu asiyesikia maumivu anaulizwa kama anaumia? Na binti alilijua hilo. Alikuwa ameulizwa swali hilohilo kwenye mtihani na akapata alama nzuri. Wakati anajibiwa kwamba haiumi, ndani ya soksi ya mguu wa kushoto kulikuwa na kidonda. Pini ya kushonea ilidondokea kwenye kandambili ya baba yake, ikapenya chini ya kidole kidogo, ikakatikia humo. Fundi alikuwa akikanyaga mashine na pini hiyo mguuni kwa wiki nzima.

Sasa mtauliza binti wa watu waliomlea vizuri aliutoa wapi uvivu huo. Aliutoa shuleni, na huko hawakuuita uvivu. Chuoni kwao wanafunzi wanagawanywa makundi, na kila kundi linapewa wagonjwa. Kila mwanafunzi anatakiwa ampime kila mgonjwa kwa mikono yake mwenyewe, asikilize moyo wake, abonyeze tumbo lake, aangalie miguu yake, ndipo aeleze mbele ya mwalimu. Kundi la binti yetu lilikuwa na mpango wake. Mmoja anapima, anawapa wenzake alichokuta, na kila mmoja anasimama mbele ya mwalimu na kusema "nimekuta" hivi na hivi. Ukiwauliza kwa nini, walikuwa na jibu tamu: tusimchoshe mgonjwa.

Mpango huo ulivyonoga, hata yule wa zamu alianza kukisia. Mgonjwa akionekana mzima usoni, tumbo lake linasemwa ni laini bila kuguswa. Kulikuwa na msichana mmoja aliyekuwa akipima kila kitu mwenyewe, wakambatiza jina la Mtakatifu na kumcheka wakati wa chakula. Binti aliniambia baadaye kwamba siku za mwanzo roho ilimsuta, halafu ikanyamaza. Kwao, mdanganyifu ni yule anayeficha karatasi kwenye mkono wa shati siku ya mtihani, na wao hawakuwahi kufanya hivyo. Walijiona waungwana kabisa.

Wiki iliyofuata Fundi alishikwa na homa, kiu isiyokatika na kutapika. Mkewe akampeleka hospitali kubwa, ileile anayosomea binti. Sukari ilikuwa imepanda sana, akalazwa, na kitanda chake kikaangukia kundi la binti yake. Kwa kuwa mtu hampimi mzazi wake, zamu akapewa rafiki yake mkubwa, kijana wanayemwita Mrefu.

Mrefu si mtu mbaya. Alimwamkia mzee kwa adabu, akasikiliza kifua, akafika miguuni. Fundi alikuwa amevaa soksi, akaona haya kijana wa watu amvue soksi za mgonjwa anayetapika.

"Usijisumbue, mwanangu," alimwambia. "Dada yako huwa ananiangalia nyumbani."

Mrefu naye akaona aibu kumng'ang'aniza baba wa rafiki yake. Akatoka, akamkuta binti kwenye korido, akamuuliza miguu ya mzee ikoje. Binti akajibu kwamba ni safi. Walipozunguka wodini na mwalimu wao, daktari bingwa wa upasuaji wanayemwita Profesa, Mrefu alitamka kwa sauti kavu kwamba miguu ya mgonjwa haina kidonda. Binti alikuwa amesimama nyuma ya wenzake. Aliniambia kwamba aliposikia maneno hayo roho yake ilitulia kabisa, maana sasa Mrefu amemwangalia baba. Sijui nimueleweje mtu anayefarijiwa na uongo wake mwenyewe kwa sababu tu umetoka kinywani mwa mwingine.

Keshokutwa yake muuguzi alikuwa anabadilisha shuka, akasikia harufu. Akamvua mzee soksi. Kidole kidogo kilikuwa cheusi, na wekundu na uvimbe umepanda hadi kifundo cha mguu.

Profesa alikuja upesi. Aliutazama mguu, akamgeukia Mrefu.

"Juzi mguu huu ulikuwa safi. Uliuona wewe mwenyewe?"

"Ndiyo, Profesa," Mrefu akasema.

Basi Profesa akamweleza Fundi na mkewe kwa upole. Alisema kidonda cha taratibu kina namna zake za kukitibu, lakini ugonjwa uliotoka kwenye mguu safi ukafika kwenye kifundo kwa siku mbili ni ugonjwa unaokimbia. Hawezi kuusubiri wala kwenda kupiga picha ya eksirei. Akichelewa utapita goti na kuondoka na maisha. Mguu ukatwe chini ya goti, mchana huohuo.

Mama akakaa chini. Fundi akauliza kama mtu anaweza kuendesha cherehani kwa mguu mmoja. Kisha akamtafuta binti yake kwa macho, akampata.

"Wewe nyumbani ulisema miguu iko salama, na mwenzako bila shaka aliniangalia hapa nikiwa nimelala," alisema. "Kama wote wawili mmesema ulikuwa mzima, basi daktari anasema kweli. Waambie wakate."

Binti akatoka nje ya wodi na Mrefu akamfuata.

"Wewe hukumvua soksi," binti alimwambia.

"Wewe ulisema ni safi."

"Na mimi sikumvua."

Mrefu akashusha sauti. Alisema Profesa ana macho yake na uzoefu wake, pengine mguu ungekatwa tu vyovyote iwavyo. Alisema wakifungua mdomo wamekwisha wote wawili, na mama yake yeye Mrefu hatastahimili, kwa jinsi alivyohangaika kumfikisha pale. Akamwomba afikirie. Binti akafikiria. Miaka yote ya kusoma, jina la Daktari mtaani, lile koti, vyote aliviona vinamponyoka. Nawaambia kweli, wapo wengi ambao wangerudi ndani na kumshika baba mkono kwa huruma huku wakimwacha akatwe.

Binti alimfuata Profesa, akamkuta ameshaanza kunawa mikono kwa ajili ya upasuaji.

"Profesa, usitegemee kwamba mguu wa baba ulikuwa safi juzi. Hatujui ulikuwaje. Hakuna aliyeuangalia."

"Mwenzako amesema ameuona."

"Alirudia maneno yangu. Na mimi nyumbani nilimuuliza tu kama unauma."

Profesa hakupandisha sauti. Alifunga maji, akakausha mikono taratibu, akasema hayo mengine watayazungumza kesho, kwa sasa ana mgonjwa. Akarudi wodini, akaanza kuukagua mguu upya kana kwamba hajapata kuambiwa lolote. Aliubonyeza kila mahali, akamuuliza Fundi amekuwa akivaa nini miguuni, akaagiza picha. Picha ikaonyesha pini. Kidonda kilikuwa cha wiki mbili na zaidi, kimejificha na kutunga usaha, wala hakikuwa kinakimbia. Mchana huo walikata vidole viwili, wakasafisha mguu hadi ndani, wakampa dawa za mishipani na kumsubiri. Mguu ukabaki.

Baraza la chuo lilipokaa, wenzao walilalamika. Walisema kwa nini waadhibiwe wawili kwa jambo linalofanywa na kila mtu, tena si wizi wa mtihani, ni kusaidiana. Profesa aliwauliza swali moja tu, ni nani kati yao angetaka kulazwa kwenye wodi hiyo. Binti na Mrefu walisimamishwa mwaka mzima, na kundi zima likarudishwa kuanza upya mafunzo ya wodini. Mrefu hakumsemesha binti kwa miezi kadhaa.

Fundi sasa yuko nyumbani. Anachechemea, lakini anashona. Hakumfokea binti yake hata siku moja, na nadhani kufokewa kungekuwa nafuu. Jioni moja nikiwa kwao kuchukua gauni langu, binti alileta beseni, akapiga magoti, akamwomba baba yake amruhusu amwangalie miguu.

"Mwite mama yako aangalie kwanza," mzee alisema. "Akimaliza atoke nje, uingie wewe uangalie. Kila mmoja aniambie alichoona mwenyewe. Msiambiane."

Binti akainuka kwenda kumwita mama yake, machozi yanamtiririka. Nami nikachukua gauni langu nikaondoka, maana hapakuwa mahali pa mgeni.

FUNZO

Wanangu mnaosomea kazi za kuokoa watu, kusema "nimeona" wakati hujaona ni uongo, hata kama umesemwa kwa adabu, hata kama kundi zima linausema, hata kama mnauita huruma kwa mgonjwa. Msijidanganye kwamba mtaacha tabia hiyo chuoni siku mkipewa shahada. Mtarudi nayo nyumbani, na atakayeulipia ni yule anayewaamini kuliko wote. Ukishateleza, sema mapema, wakati bado kuna cha kuokoa, hata kama utapoteza ulichokihangaikia.

Na sisi wazazi tusiwavike watoto udaktari kabla hawajaufikia, tukaacha kazi tulizozifanya vizuri kwa mikono yetu. Mama yule alikuwa akimkagua mumewe kila jioni kwa macho yake. Kama angeendelea, pini ile ingeonekana siku ileile, na Fundi angekuwa na vidole vyake vyote.