Upande Mmoja wa Khanga

"Kaka, nikatie upande mmoja tu."

Haruna aliacha kukunja khanga, akamtazama msichana anayesema upuuzi huo katikati ya Kariakoo, saa ambayo Mtaa wa Kongo hauna hata pa kuweka mguu. Alivaa gauni la njano na raba nyeupe, jasho likimtiririka puani, na alikuwa mzuri kiasi cha kumsahaulisha mtu bei.

"Dada, doti haikatwi. Upande wa pili nikauvae mimi?"

"Utakupendeza."

"Unaitwa nani, mchokozi?"

"Shamsa. Naenda Ayalandi kutunza wazee, begi limejaa. Huo mwingine nitunzie, nitaufuata."

Muuza khanga mwenye akili zake angemfukuza. Haruna akachukua mkasi. Viza ikachelewa, na katika kuchelewa huko wakapendana vibaya sana. Siku ya safari, kwao Haruna Magomeni, wakampikia pilau, wakafungulia muziki, wakacheka.

Kisha zikabaki simu.

"Huko kukoje, laazizi?"

"Baridi. Mji wenyewe mdogo, ukipiga chafya mwanzo wa barabara unaambiwa pole mwisho wake. Kuna mto wa rangi ya chai, daraja la mawe, na kiwanda cha sufu kilichofungwa zamani. Kila mtu anakusalimia, halafu anaanza habari za mvua."

"Na huyo bibi unayemtunza, Nora?"

"Ananihadithia. Zamani njaa ilipowapiga, vijana walipanda meli kwenda Amerika. Kabla hawajaondoka, nyumbani wanawafanyia msiba. Mtu yuko hai, kakaa hapo hapo, wanamlilia."

"Wazimu huo!"

"Walijua harudi, Haruna."

"Mbona sisi tulikupikia pilau?"

"Kwa sababu mimi narudi, mjinga wewe."

Bibi Nora alipofariki, Shamsa alimfunika kwa khanga yake, akazikwa nayo. Haruna alipoambiwa, akachafukwa.

"Khanga yetu umeizika?"

"Hakuwa na mtu. Wanawe wote wako Australia, hakuna aliyewahi mazishi."

"Basi umenizika na mimi."

Akakata simu, na masika yote hakupokea. Ujinga mtupu, maana kila asubuhi alikuwa akiukunjua upande wake na kuukunja upya.

Likizo ilipofika, Shamsa alikuja moja kwa moja dukani, begi mkononi. Wakakumbatiana mbele ya wateja bila haya.

"Nisamehe," Haruna alisema. "Nilimwonea wivu maiti."

"Nilijiona mimi pale kitandani, Haruna, sina mtu. Twende wote."

"Mama hainuki tena. Nimwache na nani? Baki wewe."

"Wadogo zangu wanasoma kwa mshahara ule. Hawana mwingine."

Hakuna aliyekosea, na hapo ndipo palipouma. Walibembelezana mpaka likizo ikaisha.

Siku ya kuondoka, Haruna alifunga duka, akatandika mikeka uani kwao. Safari hii hakukuwa na pilau wala muziki. Shamsa alipofika kuaga aliwakuta majirani wanawake wameketi chini, wamejifunga khanga, kahawa chungu ikipita mkono kwa mkono.

"Jamani, nani kafariki?"

Haruna alikuja na ule upande uliobaki, akamfunika mabegani.

"Kaa, mpenzi," alisema, kisha akaenda kuketi na wanaume.

Shamsa akaelewa. Akakaa mkekani katikati ya wanawake. Wakamlilia, naye akajililia.