Adhis na Njia ya Mamake

Kila likizo Adhis alimfuata mamake kwa miguu kutoka mtaa wa Kambi Muru hadi soko la Kawangware, kuuza omena, wale dagaa wadogo wa ziwani. Kijia kile alikijua kama ulimi unavyolijua pengo la jino. Lakini shuleni alisema wao hupanda basi. Alimwogopa Ian wa darasa lake, ambaye mdomo wake haukujua likizo. Mtu wa kutembea Ian alimwita abiria wa namba kumi na moja, yaani miguu miwili.

Jumamosi moja mwaka wa 1996, Mwalimu Mutie wa sanaa alilitoa darasa nje.

"Leo mguu ndio kalamu," alisema. "Tunafuata kijia cha zamani mpaka Kawangware. Chora unachokanyaga, kwa mkaa na udongo utakaookota humo humo."

Karibu na Riruta wakakuta ukuta mpya umekata njia.

"Kuna anayejua pa kupitia?" mwalimu akauliza.

Adhis alitazama viatu vyake. Wakahangaika matopeni hadi mwalimu akaanza kusema warudi.

Hapo akatokea mwanamke na beseni kichwani. Alikuwa mamake Adhis.

"Mwalimu, ukuta umewasumbua?"

"Sana, mama."

"Ananuka omena huyo," Ian akanong'ona. "Unamjua?"

"Simjui," Adhis akajibu.

Mamake alisikia. Hakumtazama. Alimwonyesha mwalimu mwanya nyuma ya mikaratusi, kisha akasema polepole, "Watoto wazuri. Hata mimi ninaye wa rika hilo." Akaenda zake.

Uso wa Adhis ukawaka kama umepakwa pilipili. Mgongo uliombeba ulikuwa unaondoka.

"Mwalimu, huyo ni mamangu," akasema, machozi yakimtoka. "Njia naijua. Nilinyamaza." Akamkimbilia mamake. "Mama, nisamehe."

"Sasa unanijua?"

"Nakujua, Mama."

"Hii miguu ndiyo inayokusomesha, Adhis. Haijawahi kuniaibisha. Leo umeniaibisha wewe."

Mwalimu Mutie aliwafikia akihema, darasa nyuma yake.

"Wengi walitembea hapa kabla ya ukuta," alisema. "Njia kama hii huishi kwa wanaoikumbuka. Mtu akiionea haya njia yake, huipoteza yeye kwanza, kisha huwapoteza wenzake. Mama Adhis, tuongoze."

"Kiongozi mnaye," mama akasema.

Akamtwika Adhis beseni. Adhis akatangulia, shingo wima, macho bado chini.