Kimea cha Mama Rahabu

Dorkas wa kijiji cha Issuna alikuwa ameokoka. Kila asubuhi alimwamkia jirani yake mzee, Mama Rahabu, kwa shikamoo ya adabu kabisa. Lakini hata maji ya kunywa hakuyapokea kwake, kwa sababu Mama Rahabu alipika pombe.

Mwaka ule gulio lilijaa mitumba na redio, na wanunuzi binafsi walifuata alizeti hadi milangoni. Kwa Dorkas unga wa uwele haukukosekana. Hata hivyo mwanawe Naftali, wa miezi kumi, alizidi kukonda. Kwenye kadi ya kliniki mstari wake ulishuka. Dorkas aliogopa kumpoteza.

"Uji mzito haumezi," alimwambia Mama Rahabu, machozi yakimlenga. "Naongeza maji."

"Basi anashiba maji, mwanangu. Tumbo lake dogo. Pika uji mzito, kisha utie kijiko cha kimea."

Dorkas alishtuka. "Kimea? Nimnyweshe mtoto pombe?"

Mama Rahabu akacheka. "Pombe huja ukichachusha siku kadhaa. Kimea ni uwele ulioota tu. Punje ikiota hutengeneza vimeng'enya. Navyo hukatakata wanga, uji ukalegea bila maji. Unga wote unabaki humo humo."

Dorkas aliaga, akaondoka. Nyumbani aliitazama tena ile kadi. Kesho yake alirudi.

Waliloweka uwele usiku mmoja, wakaufunika kwa kitambaa chenye unyevu. Ulipoota waliuanika juani, wakapukuta vimizizi na kuusaga. Dorkas akapika uji mzito, akauacha upoe kidogo, akatia kimea na kukoroga. Baada ya dakika chache mwiko uliokuwa ukikwama ukapita kwa urahisi.

"Umelegea!"

"Haya, urudishe jikoni uchemke tena, vijidudu vife."

Dorkas aliuonja kwanza, akasubiri kulewa. Hakulewa. Ulikuwa na utamu kidogo tu. Naftali alimaliza kikombe kizima, mama yake akalia kwa furaha.

Miezi miwili baadaye mstari ulikuwa umepanda. Muuguzi wa kliniki, aliposikia habari ya kimea, akauliza mbele ya akina mama, wengi wao wa kanisani kwake, "Nani amekufundisha?"

Dorkas alisita. Wote walikuwa wakimtazama.

"Mama Rahabu," akasema kwa sauti. "Ndiyo, yule mpika pombe. Na leo nikitoka hapa, napita kwake kunywa maji."