Sauti Ifike Kiti cha Nyuma

Baba Pacha alikuwa mpaka rangi. Kila jioni alirudi nyumbani na madoa hadi kwenye nyusi, na watoto wake mapacha walishindana kubashiri amepaka nyumba rangi gani. Siku hiyo walisema kijani, wakapatia. Lakini baba mtu hakuwa na muda wa mchezo. Alikuwa anasukuma mkokoteni. Juu yake kulikuwa na spika nne, kila moja ndefu kama mlango.

"Hizo ni za nini, Baba Pacha?" mkewe aliuliza, akisimamisha cherehani.

"Ni za kwako. Mwaka huu watakusikia, wapende wasipende!"

Mama Pacha alikuwa fundi cherehani na kiongozi wa kikundi cha mafundi wenzake. Jumamosi, walimu wakuu na wazazi wangekutana kuamua nani ashone sare za wanafunzi. Mwaka uliopita alisimama mbele ya kikao hichohicho. Alieleza vizuri sana, lakini sauti yake ni ya upole, na haikuvuka mstari wa tatu. Walioketi nyuma wakaanza kupiga soga. Kazi wakapewa watu wengine, na mafundi wawili wa kikundi wakauza cherehani zao. Wakiikosa tena mwaka huu, kikundi kingevunjika.

Jambo hilo lilimuuma Baba Pacha kama jipu. Alijua uwezo wa mkewe. Mama Pacha alikuwa amegundua njia ya kupanga vipande vya suruali juu ya kitambaa, ili kitambaa cha suruali nne kitoe suruali tano. Baba Pacha alimsimulia habari hiyo kila mtu aliyempakia nyumba rangi, hata wale ambao hawakuuliza.

Spika zikaingizwa sebuleni, zikajaa hadi watu wakakosa pa kuweka miguu. Baba Pacha alikuwa ameazima pia projekta, mashine ile ya kurusha picha ukutani. Wakafunga mapazia, wakatundika shuka. Picha ya mistari ya Mama Pacha ya kukatia suruali ikatokea safi kabisa. Mapacha wakapiga makofi.

"Haya, sema!" Baba Pacha alimpa mkewe kipaza sauti.

"Hamjambo..." Mama Pacha alianza.

Spika zikapiga yowe. Vikombe vikatetemeka kabatini. Bibi, mama yake Baba Pacha, ambaye masikio yake yamechoka, aliinua kichwa. "Kuna mtu anabisha hodi?" aliuliza.

Baada ya muda mfupi mtu akabisha hodi kweli. Alikuwa jirani yao, mwanamke aliyefanya kazi ya kutayarisha vyombo vya sauti na picha kwenye mikutano. Mtaani walimwita Fundi Sauti.

"Shemeji, humu ndani mnaoza binti?" alimtania Baba Pacha.

"Tunajiandaa na kikao. Umesikia mziki huo? Hizi spika zinatikisa mabati!"

"Nimesikia. Lakini Jumamosi dada yangu ataongea na watu au na mabati?"

Mama Pacha akacheka. Baba Pacha hakucheka.

"Na ukumbi wenyewe mmeuona?" Fundi Sauti aliendelea.

"Ukumbi ule? Naujua tangu utoto."

"Shemeji, mtu akikuita umpakie nyumba, unanunua rangi kabla hujauona ukuta?"

Baba Pacha akazitazama zile spika. Juzi tu alikuwa amemcheka mpaka rangi mwenzake kwa kosa hilohilo.

Fundi Sauti akaketi. "Vyombo haviji kwanza," alisema. "Kwanza ni maswali. Watu watakuwa wangapi? Kikao ni saa ngapi? Watatakiwa kuona nini? Na wewe, dada, ukiwa unaongea, mikono yako itakuwa inafanya nini?"

"Yote miwili itashika kitambaa," alisema Mama Pacha.

"Basi hicho kipaza sauti utakishika kwa mkono wa nani? Wewe unahitaji kile kidogo cha kubana kwenye nguo."

Kesho yake asubuhi walikwenda ukumbini, saa ileile ambayo kikao kingefanyika. Bibi naye alifuata. Alisema haachwi nyuma kwenye mambo ya mkwe wake.

Wakaweka projekta ielekee jukwaani, kama watu wote wanavyofanya. Lakini jukwaa lilikuwa na madirisha makubwa pande zote mbili, bila pazia hata moja. Jua lilikuwa limemwagika ukutani. Ile picha iliyokuwa safi sebuleni sasa ilikuwa imepauka, haionekani.

"Mistari yangu iko wapi?" Mama Pacha aliuliza kwa sauti ndogo. "Nitawaonyesha nini mimi? Ukuta mtupu?"

Baba Pacha alimwonea huruma mkewe, na akajionea haya. Kisha akafanya alichozoea kufanya kazini. Akatembea ukumbi mzima polepole, akitazama mwanga unaangukia wapi. Upande wa pili, mkabala na jukwaa, kulikuwa na ukuta mweupe usio na dirisha wala mlango. Ulikuwa kivulini.

"Tugeuze viti," alisema.

Mtunza ukumbi akashangaa. "Tangu nianze kazi hapa, watu hutazama jukwaani!"

"Jukwaa litabaki palepale, mzee wangu. Hatulibebi."

Wakageuza viti, wakawasha projekta. Picha ikatokea, mistari yote ikaonekana.

"Shemeji, hapo umenipiku," alisema Fundi Sauti. Kichwa cha Baba Pacha kikavimba kidogo. Tusimlaumu.

Fundi Sauti akasimamisha spika mbili ndogo juu ya stendi. Aliziweka mbele ya mahali ambapo Mama Pacha angesimama, zikiwaelekea watu. "Usisimame mbele ya spika," alieleza. "Kipaza sauti kikinasa sauti ya spika na kuirudisha tena kwenye spika, ndipo mnapata lile yowe la jana."

Bibi akawekwa kwenye kiti cha nyuma kabisa. Mama Pacha akaanza kueleza kwa sauti yake ya kawaida.

"Nasikia, mwanangu!" Bibi aliitikia kutoka kule. "Usinipigie kelele!"

Wote wakaangua kicheko. Fundi Sauti akapunguza sauti. "Siku yenyewe tutaongeza kidogo," alisema. "Ukumbi ukijaa, watu na nguo zao humeza sauti."

Baba Pacha naye akaketi pale nyuma. Aliona mistari, lakini maneno hakuweza kuyasoma. Walipomaliza, Mama Pacha akarudi nyumbani akayapunguza maneno na kuyaandika kwa herufi kubwa. Mistari nayo akaikoleza. Waya zilipitishwa kandokando ya ukuta na kubandikwa kwa utepe, asije mtu akajikwaa. Betri za akiba za kipaza sauti zikanunuliwa.

"Na umeme ukikatika?" Fundi Sauti aliuliza.

"Nitatundika kitambaa chenyewe na kuchora kwa chaki," alijibu Mama Pacha. "Hapo ndipo nilipoanzia."

Spika kubwa zikarudi kwa mwenyewe juu ya mkokoteni. "Zimekosa nini?" mwenyewe aliuliza.

"Hazikukosa kitu," alisema Baba Pacha. "Zilizidi."

Jumamosi walifika mapema, wakajaribu kila kitu tena. Ukumbi ukajaa. Mama Pacha akasimama, akaongea kwa upole uleule wa siku zote. Akageuza kipande cha nyuma cha suruali kichwa chini, akakilaza kando ya kipande cha mbele, na kwenye picha ukutani nafasi iliyobaki ikaonekana wazi. Watu wakanyoosha shingo, wakatazama.

Halafu mzazi mmoja akanyoosha mkono kutoka mstari wa mwisho. "Mama, hapo kwenye goti mshono hautafumuka? Wanangu mimi ni watundu."

Baba Pacha aligeuka kumtazama. Mwaka jana walioketi kule walikuwa wakipiga soga. Leo walikuwa wakiuliza habari za mshono!

Mama Pacha akachukua suruali iliyoshonwa, akaivuta pale gotini kwa nguvu zake zote. Mshono haukufumuka. "Walete hao watundu," alisema, na ukumbi mzima ukacheka na kupiga makofi.

Kura zilipopigwa, kikundi kikapewa kazi ya sare za mwaka mzima. Siku hiyohiyo Mama Pacha akatuma ujumbe kwa wale wawili waliouza cherehani zao: rudini, kazi ipo.

Watu walipokuwa wakitoka, mwalimu mkuu mmoja alimkuta Baba Pacha akikunja waya. "Leo nimeona na kusikia kila kitu," alisema. "Bwana, wewe ndiye fundi wa mitambo?"

Baba Pacha akamwonyesha Fundi Sauti. "Fundi ni yule pale."

"Na wewe je?"

Baba Pacha akasimama wima, madoa ya rangi yakiwa bado kwenye nyusi.

"Mimi," alisema, "ni mume wa yule uliyemsikia."