Ng'ombe Wapite kwa Baba Kwanza

Soko la kati la Bunia lilikuwa limefurika Jumamosi ile, na Delphin aliuza vitenge kwa maneno matamu kuliko vitenge vyenyewe. Msichana mrefu mwenye kilemba cha njano alisimama mbele ya meza yake, akavuta ncha ya kitenge cha buluu, akakinusa.

"Hii rangi itatoka ku maji ya kwanza," alisema.

"Ikitoka, urudishe, mama. Na miye nitafurahi kukuona tena."

Ilitoka. Akarudi, naye Delphin akampa kingine na kumwachia kile cha buluu. Hivyo ndivyo Jeannine na Delphin walivyojuana, na muuza sabuni wa meza ya pili aliapa hajawahi kuona mtu akipata hasara huku anacheka. Kisha zikaja simu za jioni, na nyama choma ya Jumapili kando ya barabara kubwa. Delphin, mwana wa Butembo, mji wa wafanyabiashara, alikuwa na haraka katika kila jambo, hata kula. Jeannine alimwita Bwana Mbio, naye alilipenda jina hilo kupita kiasi.

Kikwazo kilikuwa mahari. Kijijini kwao Jeannine, kwenye barabara ya Gety, ng'ombe wa baba yake, mzee Ézéchiel, walipotea wote wakati wa vita. Amani iliyofuata, na vizuizi vyake vya askari njiani, haikumrudishia hata ndama. Bruno, kaka yake Jeannine, alioa kwa ahadi tu. Kila mavuno mahindi yaliuzwa ili kuwatuliza wakwe, Jeannine akaachishwa shule, na mwishowe baba mkwe wa Bruno, mzee Ambroise wa Shari, akachoka kungoja. Akamchukua binti yake pamoja na mjukuu, mpaka ng'ombe watakapofika. Basi ukoo mzima ukawa unamtazama Jeannine. Ng'ombe wa mahari yake ndio wangemrudisha mke wa Bruno.

Delphin aliuza karibu duka zima, akanunua ng'ombe sita pale mjini, mmoja akiwa na mimba kubwa. Kisha akawaza kama mfanyabiashara. Kwa nini wanyama watembee kutwa hadi kijijini, wahangaike vizuizini, halafu wageuzwe kupelekwa Shari? Akawapeleka moja kwa moja kwa mzee Ambroise. Jioni ileile mke wa Bruno alipanda pikipiki na mtoto wake, akarudi kwa mumewe. Delphin akapiga simu akingoja kusifiwa.

"Nimemaliza kila kitu, sheri wangu."

"Umelipa deni ya Bruno," Jeannine alijibu. "Miye haukunioa."

Siku hiyo mzee Ézéchiel alikuwa amefagia zizi lililokaa tupu tangu vita, akaita majirani, wakangoja mpaka jua likatua. Kisha alimwambia binti yake maneno ambayo Jeannine aliyarudia kwenye simu akilia: "Ngombe haikulala kwangu ata siku moja. Batu habakunywa maziwa. Nitabaambia weye uliolewa na nani?" Jeannine akakata simu, na hakuipokea tena.

Delphin alikasirika. Alimlalamikia Bruno, aliyekuja mjini kumshukuru, kwamba watu hawa wanaozesha ng'ombe, si binti. Bruno alimsikiliza mpaka mwisho.

"Shemeki, kwetu ngombe njo inasema. Kama haikupita nyumbani, dada yangu iko mutu wa bure. Na baba vilevile."

Delphin akaona aibu, aibu ya kweli. Kwenda mbio si kufika. Alikuwa ameuokoa mfuko wa wazee akausahau uso wao mbele ya watu, na mwanamke anayempenda kuliko duka lake alikuwa akichekwa kisimani.

Akaenda Shari, akapiga goti mbele ya mzee Ambroise. "Papa, uniazimishe ngombe. Zipite kwa baba yake, kisha nitazirudisha."

Mzee Ambroise alicheka mpaka akakohoa, kwa sababu katika uzee wake wote hakuwahi kuombwa aazimishe mahari. Kisha akachukua fimbo yake. "Tutaenda pamoja. Na miye sikupenda vile zilikuya kwangu, sawa mizigo ya soko."

Walitoka alfajiri. Delphin alivuta kamba akiwa na viatu vya mjini, na soli moja ikabaki njiani. Kizuizini askari walitaka kitu kidogo. Mzee Ambroise akawaambia ni harusi, nao wakainua mti, mmoja akipiga mluzi. Kijijini vigelegele vilianza kabla ng'ombe hawajaonekana. Jeannine alisimama mlangoni amevaa kile kitenge cha buluu kilichochuja, na machozi yalimtoka bila kificho.

Usiku huo ng'ombe walilala kwa mzee Ézéchiel. Asubuhi walikuwa saba. Ndama jike alikuwa akijaribu miguu yake zizini, na watu wote wakamgeukia mzee Ambroise, mwenye mali.

"Ile inazaliwa kwa mutu ni ya ule mutu," alisema. "Na mama yake abakie mpaka mutoto aache kunyonya."

 Mzee Ézéchiel alikamua ng'ombe mwingine, akajaza kibuyu, akampa kila jirani anywe. Ndipo akamshika Delphin mkono.

"Uyu mwanaume ameoa mutoto yangu. Mumeona?"

"Tumeona," kijiji kikaitika.

Jeannine akatazama kiatu kisicho na soli. "Bwana Mbio, leo ulikuya polepole."

"Njo maana nimefika," alisema Delphin, akapokea kibuyu na kunywa.